Malewa ya Mitaa Yetu: Chakula chenye Kwao na Mlango Wazi

Watu wenye elimu hupenda kupima vitabu na nyimbo: hiki chafaa, hiki hakifai, na sababu zake ni hizi. Chakula kinachouzwa mtaani hawakipimi hivyo. Hula, hulipa, huenda zao. Kikiwa kibaya hunung'unika njiani, na kesho hurudi pale pale kwa kuwa ni karibu. Twaona kwamba hili si jambo dogo. Mtu anayesoma kitabu kimoja kwa mwaka hula kila siku aliyojaliwa na Mungu, na watu wengi wa Lubumbashi siku hizi hula chakula cha mchana nje ya nyumba zao. Basi yafaa kukipima chakula hicho kwa akili na kwa haki, bila kukidharau wala kukipamba.

Tumezunguka Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, tukala katika nyumba nyingi za malewa. Msomaji wa mjini azijua. Msomaji wa mbali tumweleze kwa kifupi. Ni paa la bati au la turubai, mabenchi mawili matatu, meza yenye kitambaa cha plastiki, mbabula zenye makala, sufuria kubwa ya bukari, sufuria ndogo za mboga, na ndoo ya maji ya kunawa. Mwenye nyumba ni mama, na msaidizi wake ni binti yake au mpwa wake. Neno malewa limetujia kutoka Kinshasa, lakini wengi husema tu ya kwamba wanakwenda kula "kwa mama". Hapo huketi mwendesha pikipiki, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwuza nguo wa soko la Kenya, fundi wa magari, dereva wa lori anayekwenda Kasumbalesa, na mlinzi wa usiku ambaye ndiyo kwanza aamke.

Hatutataja jina la nyumba yoyote. Aliye mwema ajulikana na majirani, na aliyekosa hatutaki kumwaibisha, twataka atengeneze. Tumepima kwa vipimo vitatu. Cha kwanza: je, mama huyu apika chakula anachokijua kweli? Cha pili: je, chakula chake ni safi, na kipimo chake ni cha haki? Cha tatu: je, mlango wake u wazi kwa kila mtu, awe wa kabila lo lote? Msomaji atajiuliza kwa nini twatia kipimo hiki cha tatu katika habari za kula. Avumilie kidogo, tutafika.

MJI ULIOJENGWA NA WAGENI

Mji wetu ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, nao ukaitwa Élisabethville mpaka mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi ya kuchimba na kuyeyusha shaba, na wenyeji hawakutosha. Wakaja watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia; wakaja kutoka Kasai, kutoka Maniema, kutoka Ruanda na Urundi, kutoka mashamba na maziwa ya Katanga yenyewe. Kampuni iliwapa chakula kwa kipimo, wakakiita posho: unga, maharagwe, samaki, mafuta, chumvi. Posho ilikuwa moja, lakini kila mama aliipika kama alivyofundishwa na mama yake. Ndiyo maana tangu zamani ukipita jioni katika mitaa yetu, harufu ya nyumba hii si harufu ya nyumba ya pili.

Malewa yamezidi kwa sababu nyingine, nayo ni ya huzuni. Union Minière ilitwaliwa na serikali, na kuanzia mwaka 1967 kazi yake ikashikwa na kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Kwa muda mrefu mfanyakazi wa Gécamines alikuwa na mshahara, hospitali, shule ya watoto na mfuko wa unga. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na katika miaka iliyofuata mambo yote yakaenda chini. Mishahara ikachelewa miezi mingi, kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa kupewa fedha kidogo mkononi. Baba akakaa nyumbani. Mama akatoka na mbabula yake, akaketi kando ya barabara, akapika. Kitabu kimoja kikubwa juu ya ulaji wa watu wa Lubumbashi, kilichochapwa Brussels mwaka 2004 chini ya uongozi wa Pierre Petit, chaitwa Byakula, yaani chakula, kwa Kiswahili cha mjini hapa. Ni vyema wataalamu wameshika neno lile lile la akina mama.

Tusisahau asili hii tunapoketi mezani. Mabenchi yale mengi yalianzishwa na wanawake waliokataa watoto wao walale na njaa au waache shule. Tukisema hapa chini kwamba bukari fulani ni mbaya, hatusemi hivyo kama mtu anayecheka. Twasema kama ndugu anayetaka nyumba isimame.

BUKARI KWANZA

Katika malewa bukari ndiyo msingi. Mboga yaweza kuwa nzuri namna gani, bukari ikiwa mbichi hakuna chakula. Bukari njema ya mahindi ni nyeupe, imeiva mpaka ndani, haina madonge ya unga mkavu, nayo yakatika kwa vidole bila kushikamana navyo. Mpishi apaswa kuwa na mkono wenye nguvu na saburi: maji yachemke kweli, uji uive kwanza, kisha unga uongezwe kidogo kidogo huku akisonga. Anayeharakisha kwa sababu watu wamejaa mlangoni atawapa uji mgumu uliofunikwa sura ya bukari. Tumekutana na bukari ya namna hiyo mara nyingi kati ya saa sita na saa saba, wakati wa msongamano. Wateja hawasemi neno, lakini tumbo husema saa tisa.

Bukari ya watu wa Kasai ni nyingine. Wao huchanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo, nayo hutoka laini, yenye kunata zaidi, na rangi yake si nyeupe sana. Mtu aliyezoea ya mahindi peke yake aweza kudhani imeharibika. Haikuharibika. Ni ufundi wenye sheria zake, na katika nyumba moja ya Katuba tulikula bukari ya namna hiyo iliyosongwa vizuri mno hata mwenzetu mmoja, aliyekuja akikunja uso, aliomba donge la pili.

Lakini hapa yapasa kusema kosa moja waziwazi. Zipo nyumba zinazotia unga wa muhogo si kwa ufundi wa Kasai, bali kwa sababu ni wa bei nafuu, kisha huuza kama bukari ya mahindi tupu na kwa bei ile ile. Muhogo hauna hatia. Kosa ni udanganyifu. Mama wa Katuba akuambia: hii ni ya kwetu, yachanganywa hivi. Yule mwingine anyamaza, akitumaini hutajua. Sufuria mbili zaweza kuwa na unga ule ule, na moja ikawa ya kweli, nyingine ya uongo.

Twajua shida yao. Unga mwingi wa mji huu watoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na kila mara Zambia ikifunga mpaka wa mahindi, au mvua isiponyesha kule, sufuria za Lubumbashi husikia. Mwaka 2024 ukame ulikuwa mkali hata serikali ya Zambia ikautangaza kuwa msiba wa taifa mwezi wa Februari. Katika wakati kama huo mama afanye nini? Zipo njia mbili za haki: aongeze bei na kusema sababu, au apunguze donge na kusema sababu. Njia ya tatu, yaani kupunguza kwa siri au kuchanganya kwa siri, yamletea faida ya wiki mbili na hasara ya miaka.

MBOGA NA AIBU YA KWAO

Sasa mboga. Sombe ni majani ya muhogo. Watu wa Kinshasa husema pondu, na wa Kasai husema matamba. Majani mabichi yana sumu, na kwa hiyo lazima yatwangwe vizuri na kupikwa muda mrefu. Siku hizi wengi hununua sombe iliyokwisha kusagwa sokoni, na hilo si kosa, mradi moto usiharakishwe. Wengine hutia karanga, wengine mafuta ya mawese na samaki mkavu. Sombe iliyoiva haina uchungu wala nyuzi za kushika meno, na mafuta yake hujitenga kidogo pembeni mwa sahani. Katika habari hii malewa yetu yastahili sifa: kati ya mboga zote tulizokula, sombe ndiyo iliyopikwa vema mara nyingi zaidi, maana kila mteja aijua kutoka kwao na hawezi kudanganywa.

Vinkubala, yaani viwavi vya porini, ni chakula kingine cha kwetu. Huokotwa misituni wakati wa mvua, hukaushwa, na huuzwa masokoni mwaka mzima. Mpishi mzuri huviosha mara nyingi kuondoa mchanga, huvichemsha, kisha huvikaanga pamoja na kitunguu na nyanya. Nyumba moja ya Ruashi hufanya hivyo kwa ustadi, nayo huvitia katika bakuli mbele ya watu wote. Lakini nyumba ya pili, si mbali na hapo, mama mwenyewe ni mtu wa kusini anayevipika vizuri kwa watoto wake, naye haviuzi. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu kwa sauti ndogo, "Watatucheka, ati sisi wala viwavi." Badala yake auza tambi na wali wa kuunguaungua, vyakula ambavyo hakufundishwa kuvipika na mtu ye yote.

Hapa ndipo twaona ugonjwa mkubwa wa malewa mengi. Ubao wa nje waandikwa vyakula kumi na vitano: wali, tambi, kuku, samaki, maharagwe, nyama ya ng'ombe, viazi vya kukaanga. Ukiingia, vyote vina ladha moja, kwa sababu vyote vimetiwa kidonge kile kile cha mchuzi na nyanya ile ile ya kopo. Mama ametaka kumpendeza kila mtu, na amesahau jambo alilojua peke yake kuliko jirani zake. Mama wa ziwani ajua kapenta na samaki mbichi; mama wa Kasai ajua bukari yake; mama wa vijiji vya karibu ajua vinkubala, kikanda cha mizizi ya porini na karanga, na munkoyo. Apike vitatu anavyovijua. Watu watakuja kwa ajili ya hivyo vitatu.

Munkoyo tuuseme neno moja. Hutengenezwa kwa uji wa mahindi na mizizi ya mti unaoitwa kwa jina hilo hilo. Ukiwa mpya ni mtamu na mpole, waburudisha mfanyakazi bila kumlevya. Ukikaa siku nyingi huwa mkali. Twashangaa ya kwamba nyumba nyingi huuza chupa za sukari na rangi kutoka viwandani, na munkoyo hazina. Ni kinywaji cha nchi, cha bei ndogo, na mtoto wa shule aweza kukinywa.

WATU WA NCHI NYINGINE WALIOPIKA CHA KWAO

Aibu hii si ya Lubumbashi tu; kila mji wa wageni huijua. Tuwatazame watu wa El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, nchi ya Mtakatifu Oscar Romero, askofu mkuu aliyeuawa altareni tarehe 24 Machi 1980 na kuandikwa katika hesabu ya watakatifu mwaka 2018. Vita vya nchi hiyo vilidumu mpaka mwaka 1992, na watu wengi mno walikimbilia Marekani, hasa Los Angeles na kandokando ya Washington. Walifika maskini, bila hati na bila lugha. Chakula chao ni pupusa: mkate mnene wa unga wa mahindi, uliotiwa ndani maharagwe au jibini au nyama, ukaokwa juu ya chuma cha moto, ukaliwa kwa mkono pamoja na kabichi iliyotiwa siki.

Ingekuwa rahisi kwao kuficha chakula hicho cha wakulima na kuuza vyakula vya Wamarekani. Wengi hawakufanya hivyo. Walifungua vyumba vidogo vya kulia katika mitaa yao, wakapika pupusa kama ilivyopikwa kijijini. Kwanza walikuja wenzao waliokumbuka nyumbani, kisha majirani wa mataifa mengine, na leo watu wasioweza kuionyesha El Salvador katika ramani waijua pupusa. Ni mahindi kama mahindi yetu, na huliwa kwa vidole kama bukari yetu. Mama wa Ruashi anayeficha vinkubala angefarijika kuwaona. Chakula chenye kwao hakimfungi mtu katika kabila lake. Kikipikwa vema na kuwekwa mezani bila aibu, chawaita watu wa nje waingie.

MAJI, NYAMA NA POMBE

Kabla ya kufika kwenye kipimo cha tatu, maneno machache juu ya usafi. Kipindupindu kimeuingia mji huu mara kwa mara, nasi twajua chanzo chake ni maji na mikono. Zipo nyumba zinazoweka beseni moja la maji ya kunawa, na watu ishirini hutia mikono humo mmoja baada ya mwingine. Wa ishirini anawa uchafu wa kumi na tisa. Zipo nyingine ambazo binti hupita na birika na sabuni, akimiminia kila mteja mikononi. Birika si ghali kuliko beseni. Mteja akikuta beseni, aombe amiminiwe, wala asione haya. Akiomba mmoja leo na wawili kesho, birika litanunuliwa.

Jioni ni wakati wa michopo. Nyama ya mbuzi hukatwa mbele yako, huchomwa juu ya makala, huletwa pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Siku ya mchezo pale Kamalondo moshi wake hujaa barabara, na mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo, waliokuwa wakipigiana kelele uwanjani, hula kutoka sahani moja. Twaipenda picha hiyo. Lakini mambo mawili hatuyapendi. La kwanza, nyama kufungwa katika karatasi ya mfuko wa simenti: karatasi iliyobeba simenti haifai kubeba chakula cha watu. La pili, nyumba ya chakula kugeuka kidogo kidogo kuwa nyumba ya pombe. Chupa moja baada ya kazi si dhambi. Ila baba anayekula michopo na kunywa mpaka usiku wakati watoto wake wamekula uji mtupu, huyo amekula nyama ya watoto wake. Na mama muuzaji amjua vizuri kuliko padre. Twamsihi amwambie, "Baba, yatosha, enda nyumbani," na ikiwezekana amfungie kipande kwa karatasi safi ampelekee mkewe. Twamjua mmoja afanyaye hivyo. Hakupoteza wateja, wake za wateja ndio wanaomsifu.

KIPIMO CHA TATU

Sasa tumefika. Mwaka ule ule wa 1992, vita vilipokuwa vikiisha El Salvador, huku kwetu jambo baya lilianza. Katika mwaka huo na mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kazini na majumbani mwao katika miji ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi walizaliwa hapa na hawakuijua Kasai hata siku moja. Maelfu walilala wiki na miezi kwenye vituo vya reli wakingoja gari-moshi, na wengi, hasa watoto, walikufa huko na njiani. Baada ya vita vya Kasai vya mwaka 2016 na 2017 wengine wengi walikuja Lubumbashi kutafuta maisha, na maneno ya zamani yakasikika tena mitaani.

Maneno hayo hayaanzi kwa kusema, "Fukuza." Huanza kwa mzaha, na mara nyingi mzaha wa chakula. Watu hawa hula kitu gani kile? Bukari yao yanuka. Hawa wala viwavi. Sisi hatuketi pale, pale ni kwa watu wale. Tulisikia maneno hayo kwa masikio yetu katika nyumba tatu, na katika moja kati ya hizo aliyeyasema alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, akimnong'oneza mteja wa kabila lake mara mteja mwingine alipoinuka. Bukari ya nyumba hiyo ilikuwa njema sana. Kwa kipimo chetu nyumba hiyo imeanguka.

Upo pia mlango unaofungwa bila neno. Mteja wa kabila la mama hupewa donge kubwa na kipande cha samaki chenye nyama. Mgeni hupewa mkia. Mmoja huongezewa mboga bure, mwingine huambiwa imekwisha, na sufuria aiona. Au wote waliomo huzungumza lugha moja kwa makusudi, wakicheka, mpaka yule aliyeingia peke yake amalize haraka atoke. Si vibaya watu kusema lugha ya mama yao. Lakini Kiswahili cha mji huu kilizaliwa ili tupate kuelewana migodini, sokoni na mezani, na kukiacha mgeni anapoketi ni njia ya kumwambia hayumo.

Wakristu wa Lubumbashi wana sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Kanisa letu kuu limewekwa chini ya Watakatifu Petro na Paulo, nasi tumezoea kuwaona pamoja kama ndugu wawili wasiotengana. Lakini barua kwa Wagalatia, sura ya pili, yatueleza ya kwamba siku moja waligombana mbele ya watu, nao waligombana juu ya meza. Huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na Wakristu wasio Wayahudi. Wakaja watu kutoka Yerusalemu, na Petro akaogopa watakavyosema, akaanza kujitenga, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Tuangalie vizuri: Petro hakumtukana mtu. Hakumfukuza mtu. Alihama meza tu. Na Paulo aliona kwamba kuhama huko kwatosha kuipotosha Injili, akamkemea usoni pake.

Basi tusiseme ya kwamba habari ya benchi na sahani ni ndogo mno kwa gazeti la Kanisa. Mtume alikemewa kwa sababu ya benchi. Na Petro, aliyekemewa, hakuacha kuwa mtakatifu; twamheshimu pamoja na aliyemkemea, katika kanisa moja. Hilo latupa moyo, maana nani kati yetu hajapata kuhama meza kwa kuogopa macho ya watu wake?

TUNASHAURI NINI

Kwa akina mama wenye malewa twasema: pikeni mnachokijua, mkiite kwa jina lake, msikionee haya. Kipimo kiwe kimoja kwa kila sahani. Birika liwepo, makala yawepo ya kutosha ili sombe iive. Mkimsikia mtu akicheka chakula cha jirani yenu au kabila la mwenzake mezani penu, mnyamazisheni. Meza ni yenu, na neno la mama mwenye mwiko lina nguvu kuliko la diwani.

Kwa walaji twasema neno ambalo akina mama wameona haya kulisema: lipeni. Katika kila nyumba tuliyoingia tulionyeshwa kijitabu cha madeni. Mtu hula wiki nzima kwa ahadi, kisha hubadili njia asipite pale. Mtu huyo hamdhulumu tajiri. Amkopa mjane unga wa watoto, akakimbia nao. Malewa mengi yaliyokufa hayakuuawa na Zambia wala na ukame. Yaliuawa na kijitabu hicho.

Na kwa jumuiya zetu ndogo za Kikristu twaomba jambo moja jepesi. Mara moja kwa mwezi, baada ya Misa ya Jumapili, watu watano sita wa makabila mbalimbali waende pamoja kula katika nyumba ya mama ambaye si wa kabila la mtu ye yote kati yao. Wasihubiri. Wafanye ishara ya msalaba, wale, waulize chakula hiki chapikwaje, walipe, washukuru. Anayekula chakula cha mtu na kumwuliza kimepikwaje atajua jina lake na jina la kijiji chake. Siku maneno mabaya yatakapopita tena mitaani, na yatapita, itakuwa vigumu kidogo kumwamini asemaye ya kwamba mama huyu ni adui.

Kwa ujumla basi hukumu yetu ni hii. Malewa ya Lubumbashi yalisha mji huu wakati kampuni zilipoacha kuulisha, nayo yastahili heshima. Sombe yake ni njema, bukari yake ni njema pale isipoharakishwa, usafi wake wahitaji kazi, na ubao wake wenye vyakula kumi na vitano ufutwe vibaki vitatu. Nyumba bora kati ya zote tulizozipima haina ubao. Ina mabenchi mawili, birika la bati na mama wa Kasai anayesonga bukari ya kwao. Siku tuliyokula pale, Mbemba, Mluba wa Kasai, Mluba wa Katanga na mtu mmoja wa Maniema walikuwa wakigombea pilipili.